Mgongo wa Fundi Cherehani

Mgonjwa hatoi ushirikiano. Ndivyo walivyoandika kwenye faili la mama yangu, na mimi niliyasoma maneno hayo yakiwa kichwa chini, faili likiwa upande wa pili wa meza. Kusoma maandishi yaliyogeuka nilijifunza nikiwa mdogo, nikisimama mbele ya mama wakati anaandika vipimo vya wateja daftarini. Nimeishia darasa la saba, lakini hilo naliweza, na watu wa ofisini hawalitarajii. Wanadhani ukishakaa upande ule wa meza, karatasi ni zao peke yao.

Chini yake palikuwa na mstari mwingine: hafanyi mazoezi kama alivyoelekezwa. Halafu wa tatu: kifaa kitolewe.

Mama alikuwa kando yangu, mikono mapajani, amevaa gauni la bluu alilojishonea la kwendea kliniki. Yeye hakuyaona. Alikuwa anamsikiliza mhandisi wa mradi, kijana wa miwani mwenye sauti laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto ameze dawa. Alimgeuzia kompyuta, akamwonyesha mstari uliolala kifudifudi kutoka upande huu wa kioo mpaka ule. Huo, alisema, ndio mwendo wa mwili wako kwa mwezi mzima. Mtu anayejishughulisha mstari wake una vilima. Huu wako hauna hata kichuguu. Mama akamjibu kwa adabu kwamba yeye hufanya kazi tangu asubuhi hadi jua linapozama. Kijana akatabasamu.

"Mama yangu, kifaa hakidanganyi," alisema. "Watu ndio hudanganya."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mama ana miaka hamsini na tisa na ameshona tangu ana kumi na sita. Vidole vyake vya miguu vimepinda kwa kukanyaga pedeli. Huyu kijana, ambaye suruali yake ilikuwa imepindwa vibaya na fundi asiyejua kazi, alikuwa amemwita mvivu na mwongo kwa pumzi moja, tena kwa upole, akingoja tumshukuru. Nilifungua mdomo. Mama akanigusa goti kwa kidole kimoja, ile namna yake ya kuninyamazisha mbele ya wateja wakorofi. Nikafunga mdomo, ila sikusahau hata neno.

Nieleze kwanza hicho kifaa chenyewe.

Mwaka mmoja na nusu uliopita moyo wa mama ulianza kupiga taratibu, kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu. Siku moja akiwa anatia zipu kwenye sketi alianguka kifudifudi juu ya cherehani, na kama sindano isingekuwa juu, ingempitia kwenye shavu. Hospitali wakasema anahitaji kifaa cha kuushtua moyo. Vile vya kawaida, vya betri, vina foleni, na hiyo foleni ni ndefu kiasi kwamba wapo watu walioiacha kwa kufa. Lakini kulikuwa na mradi. Mradi ulikuwa unajaribu kifaa kipya kisichohitaji betri ya kubadilishwa, kwa sababu kinajichaji chenyewe kwa nguvu za mwili. Kinapandikizwa chini ya mfupa wa bega. Ndani yake mna kipande kizito, kidogo kama punje ya choroko, ambacho hucheza kila kifua na bega vinapocheza, na kule kucheza ndiko kunakozaa umeme. Umeme unajaza akiba, akiba inalisha moyo.

Siku ya kukipandikiza mhandisi alimwambia mama kwamba sasa yeye mwenyewe ndiye jenereta. Mama alicheka, akamuuliza kama jenereta hilo litapiga kelele wageni wakija. Tangu hapo akawa anakiita kifaa "mpangaji". Mpangaji hajalala vizuri leo. Mpangaji anataka chai.

Tulirudi nyumbani na kisomeo, kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Ukikiweka kifuani kwa mgonjwa kinawaka taa: kijani, akiba imejaa; njano, imefika nusu; nyekundu, inakaribia kuisha; na ikiisha moyo utarudia mwendo wake wa zamani. Miezi miwili ya kwanza taa ilikuwa kijani kibichi. Mama alikuwa amekatazwa kushona mpaka kidonda kipone, basi akawa anafagia, anafua vitu vyepesi, anakwenda kwa jirani kuwasema watu. Kisha kidonda kikapona akarudi kwenye cherehani chake. Ndani ya wiki tatu taa ikawa njano. Baada ya mwezi, nyekundu.

Tukafanya kosa ambalo naamini kila mtu mwenye mama angelifanya. Tulidhani kazi ndiyo inayokula akiba. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, ambaye ndiye mpiga pasi na mfunga vifungo wetu, alimlaza kitandani siku nne, akamkataza hata kunyanyua kikombe. Taa ikazidi kuwa nyekundu, na mama akaanza kuona giza akisimama. Tukakimbilia kliniki, na huko ndiko nilikosoma lile neno.

Wakati tunatoka siku ile, sista wa kliniki alitusindikiza mpaka koridoni. Ni mama mtu mzima, wa maneno machache. Alinivuta kando akaniambia jambo ambalo hakuna aliyetuambia siku tunatia sahihi. Kanuni ya mradi ni hii: kifaa kikishindwa kazi, mradi unampa mgonjwa cha betri, mara moja, bila foleni. Lakini mgonjwa akishindwa masharti, kifaa kinatolewa naye anarudi mwisho wa foleni. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kwenye lile neno. Wakiandika kosa ni la kifaa, mama anaishi. Wakiandika kosa ni la mama, anarudishwa nyumbani na moyo wake wa kufikirifikiri.

Tulipewa wiki tatu. Alhamisi ya tatu wangesoma mara ya mwisho na kufunga faili.

Wiki ya kwanza mama alitembea. Alikuwa anamaliza kushona saa kumi na mbili, miguu imevimba kama mikate, halafu anavaa raba za mama mdogo na kuzunguka mtaa. Mzunguko mmoja, miwili, mitatu. Watu walimuuliza kama anamtafuta mtu. Mama mdogo alikuwa anakwenda naye, akimwimbia nyimbo za mchakamchaka na kumtukana kwa mapenzi. Alisema tungekuwa na akili tungemshika dada yake miguu na mikono tukamtikisa kama chupa ya dawa, mara tatu kwa siku, kabla ya chakula. Mama alicheka mpaka akalazimika kukaa ukingoni mwa mtaro. Hakukaa kwa sababu ya kucheka. Niliona namna alivyoshika kifua, nikaona midomo ilivyokuwa imepauka, na nikamchukia yule kijana wa miwani kwa moyo wangu wote.

Kutembea kulipandisha taa mpaka njano ya kufifia. Kufikia mchana wa kesho yake ilikuwa imerudi nyekundu.

Mimi si mtu wa kukurupuka. Nikikasirika ninakaa kimya na kutazama. Nikachukua daftari la vipimo lililobaki kurasa chache, nikaanza kuandika: siku, mama amefanya nini, taa ina rangi gani asubuhi, adhuhuri, jioni. Jumatatu, mashati manne, nyekundu. Jumanne, umeme wa mtaa ulikatika, pasi ya umeme haiwaki, kazi ikasimama, mama akaamua kufua na kupanga kabati la vitambaa, njano. Jumatano, gauni moja la harusi, nyekundu. Jumapili, mama amekwenda kuangalia mgonjwa, amebeba mtoto wa watu mgongoni mchana kutwa, kijani. Nilikitazama hicho kijani kwa muda mrefu. Siku aliyopumzika kushona ndiyo siku iliyomjaza, na siku aliyovunjika mgongo ndiyo iliyommaliza. Lakini siku alizolala zilimmaliza vilevile. Sikuelewa.

Wiki ya pili tulipata kazi ya mapazia ya ukumbi. Pazia la ukumbi ni mshono mmoja mrefu ulionyooka, mita kwa mita, na hapo ndipo fundi hujulikana. Mama alikaa akaanza. Cherehani changu kiko nyuma ya chake, nimekuwa nikiutazama mgongo huo kwa miaka kumi na moja. Miguu yake ilikuwa inakwenda mbio, gurudumu linavuma, kitambaa kinapita chini ya sindano kama maji. Nikatazama juu ya kiuno. Hakuna kitu. Mabega yalikuwa yametulia kama yamepigiliwa ukutani. Hata pumzi alikuwa anaivuta kwa tumbo.

Ndivyo alivyonifundisha na mimi. Alikuwa anaweka chaki ya fundi juu ya bega langu la kulia, nashona, na chaki ikianguka nafumua mshono mzima naanza upya. Alisema ukishona kwa mabega unatengeneza nyoka. Nililia sana juu ya ile chaki. Kila fundi aliyepita mikononi mwake anashona hivyo. Tukiingia kwenye karakana ya mtu mwingine tunajuana kwa migongo.

Niliinuka, nikachukua chaki mezani, nikaiweka taratibu juu ya bega lake la kushoto, pale pale juu ya mpangaji. Hakuhisi. Alishona pazia lile lote, akalikata, akaanza la pili. Chaki ilikuwa bado ipo. Mama mdogo alipoiona akaangua kicheko, na hapo tu ndipo mama alipogeuka na chaki ikaanguka.

Sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kuelewa, na badala ya kufurahi nilipandwa na hasira. Mama yangu alikuwa anafanya kazi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na kwa sababu alikuwa anaifanya vizuri, mashine yao ilimsoma kama maiti. Laiti angekuwa fundi mbovu, wa kuyumba na kuchezesha mabega, taa ingekuwa kijani na wangemsifu. Walitia ndani ya mwili wa mtu kitu kinacholishwa na mwendo wa bega, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza bega lake linafanya nini mchana kutwa. Nilikumbuka fomu yao yenye kurasa tisa. Waliuliza anavuta sigara mara ngapi. Waliuliza amezaa mara ngapi. Kazi hawakuuliza.

Kesho yake tulibadilishana. Mama mdogo alikaa kwenye vifungo, mama akashika pasi. Kupiga pasi mapazia ni kazi ya kuinama na kuinuka, kusukuma na kuvuta. Baada ya saa mbili taa ilitoka nyekundu ikawa njano. Baada ya chakula ikawa kijani. Mama alikitazama kisomeo, akatutazama sisi, akasema mpangaji wake kumbe ni mtu wa kupenda pasi. Halafu akakaa kwenye kiti kwa uchovu na kuniuliza sasa itakuwaje, maana mapazia hayajishoni.

Nilimpigia mhandisi. Nilimweleza taratibu, tangu mwanzo, kama mtu anayemsomea mtu barua. Alinisikiliza, nakiri hilo. Kisha akasema usomaji wa nyumbani hauhesabiki, lazima mtu wa mradi aone kwa macho yake. Nikamwambia aje aone, ni mwendo wa nusu saa. Akasema mradi hauna utaratibu wa kutembelea wagonjwa makazini. Nikamuuliza basi ataonaje. Akasema nimlete mama siku yake, Alhamisi, na nimhimize atembee.

Nilikata simu bila kuaga, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mtu.

Nilipomwambia mama tukipeleke cherehani kliniki, hakutaka. Alisema amechoka, wakitoe tu, amekwisha kuishi miaka ya kutosha, hawezi kwenda kujieleza mbele ya watoto wa watu kama mwizi wa kuku. Nilimwambia si yeye atakayejieleza. Akaniambia nimekuwa na kiburi. Mama mdogo, ambaye maisha yake yote amekuwa akimfuata dada yake kwa kila neno, aliweka pasi chini akasema, "Dada, kama unataka kufa, kufa, lakini usife mvivu. Mimi siwezi kuwajibu watu msibani." Baadaye niliona mama amechukua kopo la mafuta, anakitia mafuta cherehani chake kwenye kila tundu, anakifuta mpaka kinang'aa. Nikajua tunakwenda.

Alhamisi tulikifunga kwenye mkokoteni, kichwa, meza, miguu ya chuma na yote, tukakifunika shuka. Mwenye mkokoteni aliuliza tunahamia wapi, mama mdogo akamwambia hospitali, akauliza cherehani kinaumwa nini. Kwenye geti mlinzi alinyoosha mkono. Alisema pale ni kliniki ya moyo, vyombo vya biashara haviruhusiwi. Nikamwambia si cha biashara, ni kipimo cha mgonjwa. Akasema hajawahi kuona kipimo cha namna hiyo. Nikamwambia na mimi sijawahi, ndiyo maana nimekileta. Alifikiri, akatazama foleni ya magari iliyoanza kupiga honi nyuma yetu, akafungua.

Tulikiweka kwenye ukumbi wa kungojea, katikati, palipo na mwanga wa dirisha. Sakafu ilikuwa na mteremko kidogo. Mama alikunja kadi yake ya kliniki mara nne, akaisukumiza chini ya mguu mmoja wa meza mpaka kikasimama sawasawa. Watu waliokuwa kwenye mabenchi wakaanza kusogea. Mzee mmoja aliuliza kama leo dawa zinashonwa. Sista alitoka, akatuona, akarudi ndani bila neno, kisha akaja na shuka mbili za wodi zilizochanika, akamkabidhi mama. Nadhani huo ulikuwa ushujaa wake wa mwaka mzima.

Mama akakaa, akatunga uzi, akaanza kupinda shuka.

Mhandisi alitoka aliposikia kishindo cha gurudumu. Alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa. Aliniambia, bado kwa ile sauti laini, kwamba nimevuka mpaka, kwamba pale ni mahali pa tiba, nitoe hicho kitu kabla hajaita ulinzi. Nikamwambia aende akalete kompyuta yake ile yenye mstari usiodanganya. Akasema tutazungumza ofisini. Nilisikia sauti yangu ikipanda na sikuishusha.

"Uliandika bila kuja," nilimwambia. "Nimekuomba uje ukakataa. Sasa cherehani kimekuja chenyewe. Lete mashine yako usome, hapa, watu wakiona. Ukisema kweli mama yangu mvivu, nitakibeba kichwani mwenyewe mpaka nyumbani."

Gurudumu liliendelea kuvuma. Mama hakuinua kichwa wala hakunigusa goti.

Daktari mkuu wa kliniki alikuwa ametoka naye, mwanamke mrefu mwenye mvi fupi, amesimama nyuma ya watu. Alimwambia mhandisi alete kompyuta. Akaleta. Wakamfunga mama mkanda wenye kisomeo kikubwa begani, na mstari ukatokea kwenye kioo, unatembea kidogo kidogo. Ulikuwa umelala. Miguu ya mama ilikuwa inakanyaga, meza inatetemeka, shuka inapita, mstari umelala. Dakika tano. Kumi. Mzee wa dawa zinazoshonwa alisogea, akatazama kioo, akatazama miguu, akauliza kwa sauti kama ile kompyuta ni nzima. Alipofika mwisho wa shuka mama alinyoosha mkono kuchukua mkasi kutoka kwa mama mdogo. Mstari ukaruka, kilima kimoja kirefu, ukalala tena.

Daktari mkuu aliuliza mama hushona kwa saa ngapi kila siku. Mama akamjibu, bila kuacha pedeli, kwamba kumi, kumi na moja kukiwa na harusi. Daktari aliinama akatazama mgongo wake kwa muda, kwa karibu, namna ambayo mimi nilidhani ni mafundi peke yao wanaotazama hivyo.

Mhandisi ndiye aliyesema. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Alisema hili ni jambo la kuvutia sana, kwamba hawakuwahi kulifikiria, kwamba kifaa kingepaswa kukaa pajani kwa watu wa aina hii, na akatoa simu yake apige picha. Alisema litakuwa na nafasi yake kwenye ripoti. Aliniuliza kama mama angekubali kuonekana uso.

Nilisimama mbele ya simu yake. Wiki nzima mama yangu amezunguka mtaa na miguu iliyovimba. Amekaa ukingoni mwa mtaro ameshika kifua. Ameitwa mwongo na mtu anayeweza kuwa mwanawe wa mwisho. Na sasa amekuwa jambo la kuvutia.

"Weka simu," nilimwambia. "Leta faili."

Alimtazama daktari mkuu. Daktari mkuu akamwambia alete faili.

Alilileta, akalifungua juu ya meza ya cherehani, juu ya shuka iliyopindwa. Nilimwonyesha lile neno kwa kidole. Akasema angelirekebisha kwenye mfumo baadaye. Nikamwambia sasa hivi, kwa kalamu. Akachora mstari juu ya yale maneno matatu, mstari mwembamba, akaandika pembeni kwa herufi ndogo. Nikamwambia amsomee mama. Akasoma, masikio yamemwiva: kifaa kimeshindwa kukusanya nguvu ya kutosha kutokana na aina ya kazi ya mgonjwa, mgonjwa ametimiza masharti yote, apewe kifaa cha betri. Daktari mkuu akatia sahihi chini yake, akauliza sista chumba cha upasuaji kina nafasi lini, sista akasema Jumatatu. Ikawa Jumatatu.

Mama mdogo alianza kulia kwa sauti na kumkumbatia mwenye mkokoteni, ambaye alikuwa amebaki kutazama. Watu kwenye mabenchi wakapiga makofi. Mama alisema asante, daktari, akaanza kukusanya uzi wake.

Mimi nilikuwa bado nimeshika faili. Nilidhani hasira ingeniisha pale na haikuisha. Kwenye jalada paliandikwa namba ya mama: kumi na nne. Nikamuuliza mhandisi wako wangapi kwa jumla. Akasema ishirini. Nikamuuliza wangapi wametolewa kifaa kwa neno lile lile. Sista ndiye aliyejibu, akiwa ameangalia sakafu. Wawili.

"Walikuwa wanafanya kazi gani?" nikauliza.

Mhandisi akasema fomu haina sehemu ya kazi. Alisema kwa sauti ya mtu anayeyasikia maneno yake mwenyewe. Sista akasema yeye anawakumbuka. Mmoja alikuwa mama anayechambua karanga mezani kiwandani. Mwingine ni mchonga mihuri, mzee mwenye kibanda nyuma ya mahakama, anayechonga herufi kwenye mpira kwa kisu kidogo. Niliiona mikono hiyo bila kuiona. Nikaona kisu, na bega lisilothubutu kutikisika. Nikauliza wako wapi sasa. Mhandisi akasema wakishatoka kwenye mradi hawafuatiliwi.

Daktari mkuu akamwambia apige simu. Kwanza kwa yupi, akauliza. Akamwambia kwa wote wawili, anza na yeyote.

Alipiga akiwa amesimama pale pale kando ya cherehani, akaiweka simu mezani ikitoa sauti nje. Iliita muda mrefu. Mwanamke akapokea. Mhandisi hakuanza na salamu, alianza na jina la mradi, akasema anamtafuta mchonga mihuri.

"Amelala," yule mwanamke akasema. "Siku hizi analala tu. Mlikwisha kuandika kwamba hatoi ushirikiano. Mnataka nini tena?"

Kijana alinitazama mimi, akamtazama daktari. Hapo mama akaacha uzi wake, akaivuta simu karibu kwa kidole kimoja, akainama.

"Dada, pole na mgonjwa," alisema. "Mimi ni fundi cherehani, simjui mzee wako. Lakini hata mimi waliniandika hivyo hivyo. Mwamshe, umwambie nataka kuzungumza naye."